Daftari, Excel au programu ya duka: kipi kinafaa duka la vifaa vya ujenzi?

Tani moja ya nondo za milimita 12 imeingia stoo. Ankara ya msambazaji inasema "tani 1". Mteja wa kwanza anataka nondo 7, wa pili 20, wa tatu anauliza kama anaweza kukatiwa nusu. Jioni bosi anauliza zimebaki ngapi. Jibu litapatikana tu kama kuna mtu aliyegeuza tani kuwa nondo wakati mzigo unashushwa, na kama aliandika mahali ambapo mwenzake anaweza kusoma.

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani hutoa nondo 93 au 94. Za milimita 10 hutoka kama 135, za milimita 16 kama 53. Ukishusha tani ya milimita 12 ukahesabu nondo 100, usifurahie bonasi: nondo hizo ni nyembamba kuliko zilivyoandikwa, na fundi makini atazirudisha. Hilo huligundui kwenye daftari wala kwenye kompyuta. Unaligundua mlangoni, kwa kuhesabu.

Ulinganisho huu tumeujenga juu ya duka la hadiwea kwa sababu lina karibu kila usumbufu wa biashara ndogo na ya kati: bidhaa hununuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine, mafundi hukopa, mzigo hutoka stoo ya nyuma huku pesa ikipokelewa kaunta ya mbele, na bei hupanda katikati ya mwezi. Chukua duka lenye bidhaa 400, wafanyakazi 4 na mauzo 60 hadi 100 kwa siku. Mwenye duka la dawa au la vipuri atabadilisha majina ya bidhaa tu, mengine yatamhusu.

Ripoti zenye rangi huvutia macho siku ya kununua. Sisi tumeangalia zaidi mambo mawili: muda unaopita kati ya mzigo kusogea na mtu kuandika, na idadi ya watu wanaoandika. Chombo chochote kati ya hivi vitatu hufanya kazi vizuri mtu mmoja akiandika papo hapo. Tofauti huanza kuonekana wanaoandika wanapokuwa watatu, au wanapoandika jioni.

Daftari

Daftari lina sifa moja ambayo wenzake hawajaifikia: linaandikika pale pale mzigo ulipo. Mtunza stoo mwenye vumbi la saruji mikononi hatafungua kompyuta. Kalamu iliyofungwa kwa uzi kando ya kadi ataishika.

Tatizo la maduka mengi yanayotumia daftari ni kwamba yana daftari moja. Kaunta buku ile ile inaandikwa mauzo, matumizi, deni la fundi, hela ya chai na namba ya simu ya dereva wa kirikuu. Ukitaka daftari likuhudumie, tenga vitabu vitatu:

1. Kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni na namba zilizochapwa kiwandani. Namba ndiyo ulinzi wenyewe. Risiti 0459 isipoonekana kati ya 0458 na 0460, kuna swali la kuuliza jioni hiyo hiyo.
2. Kadi ya stoo kwa kila bidhaa nzito ya fedha, ikining'inia kwenye rafu yake.
3. Kitabu cha wadaiwa, ukurasa mmoja kwa kila mteja, na mteja anasaini kila anapochukua.

Kadi ya nondo za milimita 12 ikijazwa sawasawa inaonekana hivi:

| Tarehe | Hati | Ingia | Toka | Baki | Sahihi |
|---|---|---|---|---|---|
| 2/6 | Baki ya nyuma | | | 7 | |
| 3/6 | Ankara ya msambazaji | 94 | | 101 | Stoo + dereva |
| 3/6 | Risiti 0458 | | 7 | 94 | Stoo |
| 3/6 | Risiti 0461 | | 20 | 74 | Stoo |

Safu ya "Hati" ndiyo watu huiacha wazi, na ndiyo yenye maana kuliko zote. Bila namba ya risiti, kadi inasema nondo 20 zimetoka lakini haisemi kwa ruhusa ya nani. Kosa likitokea, piga mstari mmoja, andika tarakimu ya kweli juu yake, weka saini. Wino mweupe wa kufutia usionekane stoo kabisa.

Usitengeneze kadi 400. Panga bidhaa kwa thamani ya mauzo ya mwezi, kuanzia kubwa. Kwa kawaida takribani theluthi moja ya orodha, au pungufu, hubeba sehemu kubwa ya fedha: saruji, nondo, mabati, rangi za lita 20, nyaya za umeme. Hizo zipewe kadi na zihesabiwe kila wiki. Misumari, skrubu na gundi zihesabiwe mara moja kwa mwezi, na ukubali zitapungua kidogo. Anayepima misumari kilo moja moja akizidisha gramu 20 kila mara, gunia la kilo 25 linakuwa limekwishakula nusu kilo. Huo si wizi, ni mkono wa mpimaji, na mizani ya kidijitali hutibu sehemu kubwa yake kuliko mfumo wowote.

Daftari linapochoka ni kwenye kujumlisha. "Baki" ikikosewa mstari wa tatu, kosa linashuka hadi chini ya kadi na litabaki humo mpaka siku ya kuhesabu mali. Ukitaka kujua nani anadaiwa zaidi ya siku 30, unafunua kurasa zote; wadaiwa 60 ni kazi ya saa nzima, kwa hiyo haifanywi, na deni la miezi mitatu linagundulika fundi akishahamia mkoa mwingine. Faida ya bidhaa moja moja huijui. Na daftari liko mahali pamoja tu. Maji yakiingia, limekwenda.

Hilo la mwisho lina dawa rahisi ambayo watu huidharau: kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo, ziende kwenye kundi la WhatsApp la watu wawili, bosi na keshia. Umepata nakala ya akiba yenye tarehe na saa, na mtu hawezi kubadilisha tarakimu kesho yake bila kuonekana.

Excel (au Google Sheets)

Hapa watu hudhani wamepanda ngazi, kumbe mara nyingi wamehamisha daftari kwenye kioo. Ukifungua faili ukakuta kila mwezi una ukurasa wake, na safu ya "Baki" imeandikwa kwa vidole, hilo ni daftari linalohitaji umeme.

Faili linalofanya kazi lina kurasa tatu tu. *Bidhaa*: msimbo (alama fupi ya bidhaa), jina, kipimo cha kuuzia, bei, kiwango cha kuagiza upya. *Miamala*: tarehe, namba ya hati, msimbo wa bidhaa, ingia, toka, mteja, aliyeandika. *Baki*: hakuna anayeandika humo, fomula ya SUMIFS inajumlisha vyote vilivyoingia kwa msimbo fulani na kutoa vilivyotoka. Miamala yote ya mwaka inakaa ukurasa mmoja, mstari chini ya mstari. Excel ina mistari 1,048,576 kwa ukurasa, na duka letu la mauzo 100 kwa siku, hata kila mauzo yakiwa na bidhaa tatu, halitafika laki moja na kumi kwa mwaka.

Msimbo wa bidhaa si urembo. Keshia mmoja akiandika "Nondo 12", mwingine "nondo mm12", wa tatu "Nondo 12mm", fomula inaona bidhaa tatu, na kila moja ina baki yake isiyo ya kweli. Ipe nondo ya milimita 12 msimbo ND12, kisha uilazimishe seli (kisanduku cha kuandikia) ikubali tu misimbo iliyo kwenye ukurasa wa Bidhaa. Excel ina zana hiyo kwenye menyu ya Data, na ni kazi ya dakika tano ambayo huokoa siku nzima ya kutafuta makosa.

Makosa mengine ya Excel yanajulikana na hujirudia kila duka:

Namba ya simu ya mteja inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake, kwa sababu programu inaiona ni hesabu. Fanya safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kujaza.

Tarehe 03/04 kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani ni Machi 4, si Aprili 3. Ripoti ya mwezi inakosa mauzo na hakuna anayejua yamekwenda wapi. Angalia mpangilio wa nchi kwenye kila kompyuta itakayogusa faili.

Mtu anapanga safu ya majina kwa alfabeti bila kuchagua safu nyingine. Majina yanahama, madeni yanabaki. Sasa fundi wa Tegeta anadaiwa hela ya mkandarasi wa Kibaha, na faili limeshahifadhiwa. Hili ndilo janga baya kuliko yote kwenye orodha hii, kwa sababu halionyeshi alama yoyote. Geuza eneo zima liwe jedwali rasmi (Ctrl+T), safu zitahama pamoja.

Kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa vibaya. Bei ya rafu ya shilingi 118,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake ina kodi ya 18,000. Anayezidisha 118,000 kwa 0.18 anapata 21,240 na kujitoza shilingi 3,240 za bure. Bei ikiwa na kodi ndani, zidisha kwa 18 ugawanye kwa 118. Kenya, kwa 16 ugawanye kwa 116.

Na faili huzaa watoto. "Mauzo", "Mauzo mpya", "Mauzo ya kweli", "Mauzo ya kweli 2". Kila mmoja ana lake kwenye simu, na hakuna aliye mwongo. Faili moja lililo mtandaoni, Google Sheets au Excel ya OneDrive, linaondoa tatizo hili, mradi intaneti ipo. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya England ilipoteza kwa muda taarifa za wagonjwa karibu 16,000 wa korona kwa sababu data ilipitia faili la aina ya zamani la Excel, lile linaloishia mstari wa 65,536. Wale walikuwa na wataalamu. Duka lako lina keshia na mtoto wa shangazi anayejua kompyuta.

Kasoro ambayo haina dawa ni ya ulinzi. Unaweza kufunga seli kwa neno la siri, lakini anayeweza kuandika mauzo anaweza pia kuyafuta, na Excel iliyo kwenye kompyuta ya kaunta haikuwekei kumbukumbu ya uhakika ya nani alifuta nini. Kwa duka ambalo mwenyewe ndiye anayeandika, hilo halina uzito. Kwa duka lenye makeshia wawili wa zamu, hiyo ni sababu tosha ya kuhama.

Programu ya duka

Jina hili moja linafunika vitu vitatu tofauti, na maduka mengi hununua kimoja wakihitaji kingine.

Kuna programu za kaunta, kama Loyverse, zinazokaa kwenye simu au tableti: unauza, unatoa risiti, baki inapungua. Kuna programu za uhasibu, kama QuickBooks na Tally, zilizozaliwa kwenye leja: nguvu yake ni wadaiwa, wadai, benki na taarifa za fedha, na stoo ni mgeni aliyekaribishwa baadaye. Kuna mifumo ya kuendesha shirika zima, kama Odoo na ERPNext, ambamo ununuzi, stoo, mauzo, uhasibu na hata mishahara vinakaa nyumba moja. Odoo na ERPNext zina matoleo yasiyo na ada ya leseni, lakini bado utalipa seva, mtu wa kuipanga na mtu wa kuiokoa ikikwama. "Bure" hapo ina maana ya leseni tu.

Kwa duka letu la nondo, uliza swali moja kabla ya yote: inaweza kununua kwa tani na kuuza kwa nondo? Kununua nyaya kwa roli ya mita 100 na kuuza kwa mita? Bomba la mita 6 likikatwa, kipande cha mita 2 kinakwenda wapi? Programu nyingi rahisi zina kipimo kimoja tu kwa kila bidhaa. Muuzaji wa programu atasema "inawezekana". Mwambie akuonyeshe hapo hapo, kwa nondo zako, tani ikiingia na nondo 7 zikitoka. Akianza kutengeneza bidhaa mbili, "Nondo tani" na "Nondo pisi", mshukuru kwa soda na umtakie safari njema.

Anachokuuzia hasa mwenye programu ni tarakimu moja ambayo kila mtu anaiona kwa wakati mmoja, pamoja na jina la aliyeigusa. Mauzo yaliyofutwa yanabaki yameandikwa kuwa yalifutwa, na nani, saa ngapi. Punguzo lina kikomo. Fundi aliyevuka kiwango chake cha mkopo anazuiwa kabla saruji haijapakiwa. Hayo daftari na Excel haviwezi.

Lakini yote hayo huporomoka siku ambayo makeshia wote wanatumia neno la siri la bosi kwa sababu "ni haraka". Hapo umelipia kumbukumbu inayosema kila kitu kilifanywa na bosi.

Kosa la pili ni la kiufundi zaidi, na linastahili kuangaliwa kwa karibu. Saruji mifuko 100 inashushwa Jumatatu asubuhi, baki ikiwa sifuri. Mapokezi yanaingizwa kwenye programu Jumatano, kwa sababu ankara ilikuwa kwenye gari. Jumatatu na Jumanne keshia ameuza mifuko 60. Programu iliyoruhusiwa kuuza zaidi ya baki inaonyesha -60, na programu nyingi hukokotoa gharama ya mifuko hiyo kwa sifuri au kwa bei ya zamani. Ripoti ya faida ya wiki inapendeza mno. Bosi anaagiza mzigo mkubwa zaidi kwa furaha ya faida ambayo haipo. Dawa ni mbili: zima ruhusa ya kuuza zaidi ya baki kwa zile bidhaa nzito, na weka kanuni kwamba dereva hapewi saini mpaka mapokezi yaingizwe, hata kama kwa idadi tu na bei ikifuata.

Gharama yenyewe ichaguliwe mapema. Tuseme mifuko 100 ilinunuliwa kwa 15,000 na 100 mingine kwa 15,800. Kwa wastani, kila mfuko unagharimu 15,400. Kwa utaratibu wa kilichoingia kwanza kutoka kwanza, mifuko 100 ya mwanzo inahesabiwa 15,000 na inayofuata 15,800. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinakubali njia zote mbili, na vinakataa ile ya kilichoingia mwisho kutoka kwanza. Kwa saruji na nondo zinazochanganyika stoo, wastani ni rahisi kuusimamia. Usibadili katikati ya mwaka.

Lipo na suala kubwa zaidi la kuamua: programu ifuate kazi zako, au wewe ufuate programu? Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani, waliachana na mradi wao wa SAP, mfumo wa kuendesha shirika zima, mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyotajwa kuwa karibu euro milioni 500. Moja ya sababu zilizoelezwa ni kwamba wao walithamini mali kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo wa kawaida ulijengwa kwa bei ya kuuzia, na wakachagua kuukata mfumo uwafuate. Duka la Kariakoo halina euro za kuchezea namna hiyo, ila linafanya kosa la jamii moja linapomlipa kijana aandike upya programu ili risiti itoke kama ya kaunta buku. Kijana akipata kazi kwingine, hakuna anayeweza kuigusa. Ushauri wetu ni mkali: katika mwaka wa kwanza, badilisha utaratibu wa duka, programu iache kama ilivyo.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya kuhesabiwa. Bidhaa 400 kwa dakika tatu kila moja, kusafisha jina, msimbo, kipimo na bei, ni saa 20. Kuhesabu mali ni siku nzima ya duka kufungwa, afadhali Jumapili. Madeni ya wateja yaingizwe moja moja baada ya kila mteja kuthibitisha kwa ujumbe, kwa kuwa deni lenye ubishi likiingia kwenye programu halipotezi ubishi wake. Kisha endesheni daftari na programu pamoja kwa wiki mbili hadi nne. Wafanyakazi watalalamika kwamba wanaandika mara mbili, na wana haki. Usikubali kuacha mapema, wala usiendelee miezi sita, maana mifumo miwili ya kudumu humaanisha kila anayebanwa atakimbilia ule unaompendelea.

Mashine ya risiti ya kodi haihesabu stoo

Hili linachanganya wengi. Mashine ya EFD ya Tanzania, au eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Kenya, inatoa taarifa ya mauzo kwa mamlaka ya mapato, TRA au KRA. EFD haijui nondo zilizobaki. Hapa ndipo vyombo vyetu vitatu vinapotofautiana: mwenye daftari au Excel atapiga risiti mara mbili, kwake na kwenye mashine, mwenye programu anaweza kuunganisha, kupitia VFD (EFD isiyo na mashine, ya ndani ya programu) kwa Tanzania au njia ya mfumo kwa mfumo ya eTIMS kwa Kenya, na mauzo yakaandikwa mara moja. Duka lenye risiti 100 kwa siku litaokoa hapo saa moja au zaidi kila siku. Hiyo peke yake yaweza kuwa sababu ya kununua programu, na wauzaji wengi husahau kuitaja.

Kenya, tangu Januari 1, 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida hayakubaliki kupunguza faida inayotozwa kodi. Kwa hiyo kigezo cha chombo chochote utakachochagua ni hiki pia: kina mahali pa kuweka namba ya risiti ya ununuzi? Nchi zote mbili hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi ya mashine hizo hufifia ndani ya miezi ikikaa kwenye jua au karibu na joto. Piga picha au toa fotokopi siku unayoipokea.

Vikiwekwa pamoja

| | Daftari | Excel | Programu |
|---|---|---|---|
| Kuandika mlangoni pa stoo | Rahisi kabisa | Ngumu | Simu au tableti ikiwepo |
| Umeme au mtandao ukikatika | Haliathiriki | Inasimama | Inategemea: zipo zinazouza bila mtandao na kutuma baadaye |
| Wanaoandika | 1–2 | 1, au 2 kwa uangalifu | Wengi |
| Tani kuwa nondo | Kichwani mwa mtunza stoo | Fomula | Ikiwa tu inakubali vipimo viwili |
| Wadaiwa wa zaidi ya siku 30 | Kufunua kurasa | Kuchuja | Ripoti |
| Kufuta bila kuonekana | Vigumu kwa wino na namba | Rahisi | Vigumu, kila mtu akiwa na akaunti yake |
| Maduka mawili | Hapana | Kwa taabu | Ndiyo |
| Gharama kubwa iliyojificha | Muda wa kujumlisha | Kosa lisiloonekana | Kusafisha data na mafunzo |

Angalia mstari wa kufuta. Daftari la wino lenye namba linaishinda Excel, na hilo huwashangaza waliohama wakidhani kompyuta ni salama zaidi kwa sababu ni kompyuta.

Basi, nani achukue nini

Mwenye duka anayekaa kaunta mwenyewe, mwenye msaidizi mmoja na stoo anayoiona akigeuza shingo, abaki na daftari la vitabu vitatu. Akitaka kujua faida, aingize jumla za siku kwenye Excel kila jioni: mauzo, manunuzi, matumizi, madeni mapya, madeni yaliyolipwa. Mistari mitano. Programu itamlia muda ambao angeutumia kuzungumza na wateja.

Excel peke yake inamfaa zaidi mwenye mauzo machache makubwa, mathalani anayesambaza saruji kwa maduka 15 na kuandika ankara 10 kwa siku. Anayeandika ni mmoja, tena ametulia mezani. Kwa kaunta yenye foleni ya mafundi saa mbili asubuhi, Excel ni chaguo baya kuliko yote matatu, na hapo hatuna haja ya kuzungukazunguka.

Programu ichukuliwe mara mojawapo ya haya ikitokea: duka la pili linafunguliwa, makeshia wanapokezana zamu, bosi anasafiri au anaishi mbali, madeni ya wateja yamezidi thamani ya mauzo ya mwezi mmoja, au risiti za kodi zinapigwa mara mbili kutwa nzima. Kama tatizo ni stoo na kaunta, anza na programu ya kaunta. Kama mhasibu ndiye anayelia, nunua ya uhasibu. Mfumo wa shirika zima uusubiri mpaka uwe na angalau maghala mawili na mtu ambaye kazi yake, kwa jina, ni kuutunza.

Hata ukichukua programu, kadi ya stoo iache iendelee kuning'inia kwenye rafu za saruji, nondo na mabati. Programu inaonyesha kaunta inachoamini kimetoka. Kadi inaonyesha kilichotoka kweli. Vikipishana, unajua siku na saa ya kwenda kuuliza.

Kabla hujamwita muuzaji yeyote, fanya jaribio la asubuhi moja. Chagua bidhaa 10 kati ya zile nzito, andika baki inayoonyeshwa na mfumo ulio nao sasa, halafu nenda kahesabu kwa mkono kabla duka halijafunguliwa. Zikilingana 9 au 10, duka lako liko tayari kuhama na data yako itahamika. Zikilingana 5, rudi kwenye kadi na mlango wa stoo kwa mwezi mmoja, kisha urudie. Andika pia tofauti zilikuwa za aina gani. Zikiwa nyingi ni za vitu vinavyonunuliwa kwa tani, roli au gunia na kuuzwa kimoja kimoja, shida iko kwenye kugeuza vipimo wakati wa kushusha, na dawa ni karatasi moja iliyobandikwa mlangoni: tani ya ND12 ni 93 au 94, ya ND10 ni 135, tani ya saruji ni mifuko 20, roli ya waya ni mita 100. Atakayepokea mzigo ahesabu, alinganishe na karatasi, ndipo asaini.